USALAMA NA AFYA: Kurudisha Ukingo wa Mbele wa Boti ya Faiba



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo ya machimbo: kofia, buti, ngazi, magogo ya kushikilia paa la shimo, na vumbi la mwamba. Leo tunashuka milimani mpaka ziwani. Wengi wetu tunaofanya kazi Masisi na Walikale tuna jamaa kando ya Ziwa Kivu, huko Shasha, Bweremana, Minova na Goma, na mara nyingi watu na mizigo yao hupita majini. Mapema mwaka 2024, vita vilipokata barabara ya Goma kwenda Minova kupitia Sake, boti ziligeuka kuwa njia kuu ya watu na chakula. Mwaka huo huo, tarehe 3 Oktoba, boti iliyoitwa Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, mjini Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukoni. Makumi ya watu walikufa.

Tusidanganyane: ukingo wa chuma hauwezi kuokoa boti iliyojazwa kupita kiasi. Lakini kuna ajali nyingine ndogo ambazo magazeti hayaziandiki. Mtu amesimama mbele ya boti, ameshika kamba, wimbi moja linapiga, chuma alichokiegemea kinang'oka, naye anakwenda majini pamoja nacho. Ajali ya namna hii huzuiwa kwa bolti chache, vipande vya ubao na kazi ya siku mbili au tatu. Ndiyo maana mimi, msaidizi wa mganga, nazungumza leo juu ya kazi ya fundi. Dispansere hupokea matokeo ya kazi ya fundi, iwe nzuri au mbaya.

UKINGO WA MBELE NI NINI?

Boti ya faiba imetengenezwa kwa tabaka za nyuzi za kioo zilizoloweshwa katika gundi nzito inayokauka na kuwa ngumu. Boti hizo zilianza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1940, na leo zimeenea dunia nzima kwa sababu ni nyepesi na ganda lake halioza kama mbao. Mbele ya boti, sehemu ambayo mabaharia wa pwani huiita omo, hufungwa bomba la chuma kisichoshika kutu, lililopindwa kama pembe za ng'ombe wa Masisi. Bomba hilo husimama juu ya miguu kadhaa, na kila mguu una kikalio chenye matundu mawili, matatu au manne ya kufungia. Kimo chake kwa kawaida ni kama sentimita 45 hadi 60.

Kazi yake ni moja: kumpa mtu mahali pa kushika anapotupa nanga, anapopokea kamba au anapojiandaa kushuka nchi kavu.

Ukingo huondolewa wakati boti inapakwa rangi, au bomba linapopindika kwa kugonga gati, au maji yanapoanza kupenya kwenye matundu ya bolti. Kuuondoa ni kazi ya saa moja. Hatari huanza siku ya kuurudisha, kwa sababu fundi mwenye haraka hurudisha skrubu zile zile katika matundu yale yale yaliyokwisha kulegea, anapaka gundi kidogo juu, na ukingo unang'aa kama mpya.

Mtu anayetembea mbele ya boti isiyo na ukingo hujihadhari. Huinama, hupiga magoti, hushika anachoweza. Lakini mtu anayeuona ukingo huuamini, na huuegemea kwa uzito wake wote. Kwa hiyo ukingo uliolegea ni mbaya kuliko kukosa ukingo kabisa. Kama haujafungwa barabara, uondoe uuweke ghalani mpaka siku utakapofungwa.

HESABU YA MTAIMBO

Sisi watu wa machimbo tunaujua mtaimbo. Kwa chuma kirefu, mtu mmoja hung'oa jiwe ambalo watu wanne hawawezi kuliinua kwa mikono. Ukingo wa boti nao ni mtaimbo, ila hapa kinachong'olewa ni skrubu.

Tufanye hesabu. Mtu anayumba na kuusukuma ukingo kuelekea nje kwa nguvu ya kilo 50. Anausukuma kwenye kimo cha sentimita 60. Matundu ya upande wa ndani wa kikalio na yale ya upande wa nje yameachana kwa sentimita 6. Gawanya 60 kwa 6, utapata 10. Basi zile kilo 50 za mkono wake zinavuta skrubu za upande wa ndani kwa nguvu ya kilo 500! Miguu mingine itasaidia kubeba sehemu ya mzigo huo, lakini si sawasawa. Mguu ulio karibu na mtu ndio unaoumia zaidi.

Sasa skrubu hiyo imeshika nini? Mara nyingi imeshika ganda la faiba lenye unene wa milimita chache tu. Meno yake husaga nyuzi za kioo, tundu linapanuka, maji yanaingia. Na chini ya ganda, katika boti nyingi, kuna tabaka la mbao nyepesi au tripleksi lililofichwa katikati ya faiba mbili ili kuipa sakafu ugumu. Maji yakifika hapo, mbao hiyo huoza taratibu bila kuonekana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ufa wenyewe ni tundu la milimita 6.

Dawa yake ni bolti inayopita mpaka chini, na chini yake kipande kipana cha ubao au chuma cha kuipokea nguvu. Kikalio cha sentimita 6 kwa 6 kina eneo la sentimita mraba 36. Kipande cha chini cha sentimita 12 kwa 12 kina eneo la 144, yaani mara nne. Bolti haivuti tena kwenye tundu peke yake. Inavuta sakafu kwa eneo lote hilo.

JINSI YA KUIFANYA KAZI

1. Vuta boti nchi kavu. Iweke juu ya magogo au magurudumu ya zamani, isiyumbe. Kazi hii haifanywi boti ikiwa majini.

2. Kagua ukingo wenyewe. Tazama kila mahali palipochomelewa, hasa pale mguu unapokutana na kikalio. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, usiufunge. Mpelekee fundi wa kuchomelea. Bomba lililopindika linyoshwe kwanza.

3. Kagua sakafu. Gonga kwa mpini wa bisibisi kuzunguka kila tundu. Mahali pazima hutoa sauti kali na kavu. Mahali palipooza au palipoachana hutoa sauti nzito, kama ya kugonga boga. Kama sauti nzito imeenea mbali na tundu, mbao ya ndani imeharibika na lazima itolewe na kurudishwa upya kabla ya kufunga chochote.

4. Tafuta njia ya kufika chini. Kwa kawaida mkono hufika kupitia chumba cha kuwekea nanga na kamba. Kama haufiki, ni afadhali kukata tundu la ukaguzi lenye kifuniko kuliko kurudia skrubu fupi kwa sababu ya uvivu.

5. Tengeneza matundu upya. Kwa bolti ya milimita 6, panua tundu la zamani mpaka milimita 12 hivi, ondoa mbao yote yenye unyevu kandokando yake, acha pakauke kabisa. Ziba chini kwa utepe, kisha jaza gundi ya epoksi iliyokolezwa kwa unga wake. Epoksi hushika mbao vizuri kuliko poliesta. Ngoja mpaka siku ya pili. Ndipo utoboe tena, katikati ya epoksi hiyo, tundu la milimita 6 na nusu. Sasa bolti imezungukwa na gundi ngumu, na maji hayawezi kuifikia mbao.

6. Jaribu ukingo bila gundi. Uweke mahali pake na upitishe bolti zote kwa mkono. Kama mguu mmoja haukai sawa, usilazimishe kwa kukaza nati, kwa sababu ukingo uliolazimishwa huivuta sakafu mchana na usiku, na baada ya miezi michache utaona nyufa zinazozunguka kikalio kama utando wa buibui. Rekebisha bomba, au toboa upya.

7. Lainisha mdomo wa tundu. Kwa ncha pana ya kutobolea, kata kidogo mdomo wa juu wa kila tundu uwe kama bakuli dogo. Hii huzuia ngozi ya juu inayong'aa isipasuke, na hufanya pete ya gundi kuzunguka shingo ya bolti.

8. Andaa vipande vya chini. Tripleksi nzuri ya milimita 12, iliyopakwa epoksi pande zote na kwenye kingo zake, inafaa. Bamba la alumini la milimita 5 au 6 linafaa pia. Pembe zote zizungushwe, maana pembe kali huikata faiba.

9. Funga. Safisha mahali, paka gundi ya kuziba maji ya poliurethani chini ya kikalio na shingoni mwa bolti. Usitumie silikoni ya madirisha, ile yenye harufu ya siki: haishiki vizuri, na mahali ilipopakwa rangi na gundi nyingine hukataa kushika. Kazi hii ni ya watu wawili. Wa juu anashika kichwa cha bolti kisizunguke kabisa. Wa chini anazungusha nati. Kichwa kikizunguka, pete ya gundi inakatika na maji yatapita. Tumia washa pana na nati zenye plastiki ndani ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Kaza bolti zote kidogo kidogo kwa zamu, mpaka gundi itokeze pande zote za kikalio. Hapo simama, ukiikamua yote, hakuna kitakachobaki cha kuziba maji.

10. Pima kazi. Gundi ikikauka, mwaga ndoo za maji juu ya kila kikalio, mwenzako akiwa chini na tochi. Tone moja likionekana, rudia mguu huo. Kisha, boti ikiwa bado nchi kavu, mtu mmoja asimame ndani na kusukuma ukingo kwa uzito wake, kuelekea nje na kuelekea ndani, huku mwingine akitazama vikalio. Kikalio hakipaswi kunyanyuka hata kidogo. Ukingo usiopimwa usihesabiwe kuwa umefungwa.

AFYA YA ANAYEFANYA KAZI

Unga wa faiba. Ukikata au kusugua faiba, nyuzi fupi za kioo huingia kwenye ngozi na kuwasha, na unga wake hukereketa macho na kifua. Vaa miwani ya kazi, glavu, mikono mirefu na barakoa ya vumbi, ile ile tunayovaa kwa vumbi la mwamba. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Simama upande ambao upepo unatoka. Ukimaliza, usijikune wala usijifute kwa taulo kavu. Jimwagie maji baridi mengi kwanza, kisha sabuni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na nguo za mtoto.

Epoksi. Inapokuwa mbichi isiguse ngozi. Mtu anaweza kuitumia mara nyingi bila shida, kisha siku moja mwili wake ukaikataa: ngozi inavimba, inawasha na kutoa malengelenge. Mwili ukishaikataa, kwa kawaida hauikubali tena maisha yote. Usinawe mikono kwa asetoni wala esansi, maana huondoa mafuta ya ngozi na kuifungulia sumu njia. Futa kwa kitambaa, kisha nawa kwa maji na sabuni.

Dawa ya kukaushia poliesta. Mafundi wengi hutumia poliesta kwa sababu bei yake ni nafuu. Dawa yake ya kukaushia haina rangi, inafanana na maji, na tone moja jichoni linaweza kupofusha. Ikiingia jichoni, usingoje gari wala ruhusa ya kapita: fungua jicho kwa vidole, mwagia maji safi mfululizo kwa dakika 20, ndipo uje dispansere. Kamwe usiihifadhi katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Na usiichanganye moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti, kwani huweza kulipuka.

Hewa mbaya. Chumba cha nanga ni kidogo kama shimo jembamba, na mvuke wa asetoni na poliesta ni mzito. Hukaa chini, pale pale unapoingiza kichwa. Acha kifuniko wazi, toka mara kwa mara, usivute sigara, na mwenzako awe nje akikutazama. Ukisikia kichwa kizito au kizunguzungu, toka mara moja.

Nasi wa Kivu tuna hatari nyingine ambayo vitabu vya mafundi wa ng'ambo havina. Kando ya kaskazini ya ziwa, kati ya Goma na Sake, kuna mabonde madogo ambamo ardhi hutoa kaboni dayoksaidi. Wenyeji huyaita mazuku. Hewa hiyo haina rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na hulala chini hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Imekwisha kuua watu na mifugo. Basi usiweke boti katika bonde la namna hiyo ukalala chini yake kufunga nati. Chagua mahali palipoinuka, penye upepo, na uanze kazi jua likiwa limepanda. Ukimwona mwenzako ameanguka bondeni, usimkimbilie na wewe ukainama. Ita watu, na avutwe kwa kamba na mtu aliyebaki juu.

Umeme na majeraha. Mashine ya kutobolea inayotumia waya isitumike ukiwa umesimama kwenye maji au mchanga ulioloa. Ile ya betri ni salama zaidi. Ukichomwa na skrubu kuukuu, osha jeraha kwa maji na sabuni, kisha uje dispansere tuangalie kama chanjo yako ya pepopunda bado inafaa. Jeraha dogo lenye kina ndilo pepopunda inalolipenda.

MATUMIZI MEMA YA UKINGO

Ukingo umewekwa kwa ajili ya mikono ya watu. Usifungie kamba ya nanga, wala kamba ya kuvutwa na boti nyingine. Kamba hizo zina mahali pake palipojengwa kwa kazi hiyo. Usitundike magunia. Usiruhusu mtu kukaa juu yake boti ikienda, hata kama anasema amezoea. Mtu akiwa mbele, mkono mmoja ni wa kazi, mkono mwingine ni wa kujishikilia. Na ukingo, hata ukiwa imara namna gani, hauchukui nafasi ya jaketi la kuokoa maisha. Ziwa Kivu lina kina kinachofika mita 485. Mwambao wake mahali pengi hushuka ghafula, na aliyezoea kuvuka mto wa kina kifupi asijidanganye kwamba atagusa chini.

Wale wanaovuka Lowa kwa mtumbwi huko Walikale watasema: mtumbwi wetu hauna ukingo. Ni kweli. Basi kaeni chini kabisa, msisimame, na jaketi ni la lazima zaidi kwenu.

Kila mwezi mmoja, shika kila mguu wa ukingo na utikise. Ukisikia mlio au ukiona kutu ya hudhurungi ikitiririka kwenye kikalio, mwambie shefu wako siku hiyo hiyo.

MTU AKIANGUKA

Anayeanguka kutoka mbele boti ikienda hupita chini ya boti kuelekea kwenye rafadha. Kwa hiyo jambo la kwanza la nahodha ni kuondoa gia na kugeuza usukani upande ule ule alioangukia mtu, ili nyuma ya boti imkimbie. Mwingine amnyooshee kidole bila kumwondolea macho hata nukta moja, na watu wamtupie kitu kinachoelea. Mota izimwe kabla hajasogea karibu.

Akitolewa majini hapumui, msimning'inize kichwa chini wala msimkamue tumbo ili kutoa maji. Mnapoteza dakika zake. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni mara 5. Asipoonyesha dalili ya uhai, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, kisha puliza mara 2, na mwendelee hivyo kwa kupokezana mpaka apumue au mganga afike. Akizinduka, mlaze ubavu na mumfunike. Hata aliyemeza maji kidogo akatoka akicheka, kama anakohoa au anapumua kwa shida aletwe dispansere, kwa maana mapafu yanaweza kujaa saa kadhaa baadaye.

KUMBUKA

Skrubu fupi hudanganya. Bolti yenye kipande kipana chini yake hushika.
Ziba maji kabla hayajafika kwenye mbao.
Jaribu ukingo nchi kavu, usingoje ziwa likujaribie.
Miwani, glavu na barakoa ni vifaa vya kazi kama bisibisi.
Ukingo uliolegea uondolewe leo.

Mwenzako atakayeushika ukingo huo usiku, katika mvua na mawimbi, hataweza kuinama chini kukagua nati zako. Ataushika tu. Mfungie kama ambavyo ungependa ufungiwe wewe.